Chepngetich na Lori la Pili

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Hapana, nimekosea, na afadhali kujirekebisha mapema kabla safari haijaenda mbali: ilikuwa elfu mbili ishirini na mbili, mwaka wa kura, maana ndio mwaka ambao vilima vyote vya Kericho na Bomet vilijaa miavuli ya bure. Kila mgombea aligawa ya rangi yake, na kila mwavuli ulivunjika mbavu kwa mvua ya pili. Fundi wa miavuli hawezi kusahau mwaka wa namna hiyo, na katika habari hii yumo fundi wa miavuli, ingawa habari yenyewe si yake. Ni ya Chepngetich.

Chepngetich ni wa upande wa Kiptere. Mama yake, Phyllis, ana shamba dogo la chai linaloteremka mpaka kijitoni, ng'ombe wawili, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde akaitika. Msichana alijua kuchuma majani mawili na chipukizi kabla hajajua a, e, i, o, u. Alipoingia chuo cha uuguzi, sista wa wodi alimtazama mikono siku ya kwanza akamwambia akanawe tena. Akaenda, akanawa. Akarudishwa. Akanawa kwa brashi. Mara ya tatu sista akamshika vidole, akavisogeza dirishani kwenye mwanga, akacheka.

"Kumbe ni chai! Hiyo haitoki. Wacha ikae, ni yako."

Ule weusi wa utomvu alikuwa akiuficha mifukoni. Tangu siku ile akaacha kuuficha.

Somo lililowatesa wanafunzi pale chuoni lilikuwa la dawa. Lilifundishwa na Madam Bonareri, mama mfupi kutoka Kisii, miwani yake imeshikwa na uzi, na wanafunzi walimwogopa kuliko mtihani wenyewe. Alikuwa na desturi yake: hafungui kitabu mpaka kwanza aeleze jambo kwa kitu ambacho mtu anakijua tangu nyumbani.

"Ninyi ni watoto wa majani chai, sivyo?" aliwauliza. "Basi kidonge ni chai uliyochuma. Mdomo ndio shamba. Tumbo ni ile barabara ya kutoka kituo cha kupimia chai mpaka kiwandani. Na kiwanda ni mwili wenyewe. Sasa mgonjwa amemeza miligramu mia moja. Hizo ni kilo ulizochuma. Mimi sina haja na kilo ulizochuma! Nataka kilo zilizofika kiwandani. Ngapi zimemwagika njiani? Ngapi zimekwama kwa matope?"

"Na ngapi karani amekula, Madam?" sauti ikatoka viti vya nyuma.

Darasa likalipuka kwa kicheko, maana hakuna mkulima wa chai asiyemshuku karani wa mizani.

"Hata huyo karani yumo," Madam akajibu bila kutabasamu. "Jina lake ni ini. Andikeni."

Wakaandika. Chepngetich hakulisahau tena. Likizo alikuwa akirudi kuchuma chai na mama yake, akikariri kwa mdundo wa mikono: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, saa sahihi. Majirani wa shamba wakamwuliza Phyllis kama huo ni wimbo mpya wa kanisa.

Mwaka wake wa tatu alipelekwa kujifunza kazi katika hospitali moja ya kilimani, kwenye kliniki ya wagonjwa wa muda mrefu: wenye sukari, wenye presha, wenye mioyo dhaifu. Huko ndiko alikomkuta Mzee Gichana, yule fundi wa miavuli.

Mzee Gichana alikuja nchi hii ya chai zamani akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, akazika mke wake hapa hapa, na baadaye akachukua mkoba wa nyaya, mbavu za miavuli na nyuzi, akaanza kutembea. Leo Kiptere, kesho soko jingine. Nyumba hana, lakini katika kila soko kuna mlango unaojua kubisha kwake. Miaka minne kabla ya habari hii alikuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo. Ile tezi iliyokuwa imevimba kama embe ilitolewa yote, na mtu asiye na tezi lazima ameze kidonge chake kila siku mpaka siku ya mwisho. Kidonge hicho ndicho kinachoufanya mwili uwake. Kikipungua, mtu anakuwa baridi, mzito, anasinzia. Kikizidi, moyo unakimbia kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki, na mikono inatetemeka.

Na Mzee Gichana alikuwa anasinzia. Alisinzia kwenye benchi, alisinzia akipimwa presha, na watu wa sokoni walisema alisinzia katikati ya mshono, sindano mkononi. Daktari Kipkurui, aliyekuwa akiona wagonjwa sitini kwa siku na kula chakula cha mchana saa kumi, alipitisha macho kwenye faili. Kidonge kimoja. Kisha kimoja na nusu. Majibu ya damu bado mabaya.

"Mzee, unameza dawa?"

"Kila asubuhi, daktari. Sijaacha hata siku moja. Hata Krismasi."

"Basi tutaongeza. Viwili." Akaandika. "Rudi baada ya miezi mitatu. Mwingine!"

Saa nne ya siku hiyo hiyo Chepngetich alitumwa kununua sukari ya ofisi. Ng'ambo ya geti kuna kibanda cha chai, na ndani ya kibanda alikuwa Mzee Gichana, kikombe kimejaa mpaka ukingoni, chai ya maziwa matupu ile ya nchi yetu iliyochemshwa ikawa na utando juu. Mzee akatoa vidonge viwili kwenye mfuko wa koti, akavirusha mdomoni, akavisindikiza na chai.

"Mzee," Chepngetich akasema, "hiyo dawa huwa unameza na chai?"

"Sasa nimeze na nini, mama?"

"Maji."

Mzee akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa upole. "Maji ya asubuhi ni ya kunawa uso. Nimeishi nchi ya majani chai miaka arobaini, halafu nimeze dawa na maji kama kuku? Hata hawa wenye kibanda watanifukuza."

"Kweli kabisa nitakufukuza," mwenye kibanda akadakia kutoka jikoni.

Lakini Chepngetich hakucheka. Alikumbuka darasa: maziwa yanashika dawa ya tezi njiani, yanaifungafunga, haipiti. Miaka minne mzee alikuwa akichuma kilo zake kwa uaminifu, na kilo zikikwama matopeni! Akachutama mbele yake, akamweleza pole pole: ukiamka, kabla ya kitu chochote, meza na maji. Kaa saa nzima. Halafu ndio chai, hata vikombe vitatu ukitaka.

"Saa nzima bila chai," Mzee akaguna. "Wewe ni msichana mkali."

"Utaniahidi?"

"Nimeahidi. Lakini nikifa kwa kiu, utashona miavuli wewe."

Chepngetich akarudi na sukari, anatembea kama mtu aliyeshinda mbio. Alikuwa ameona kitu ambacho faili nzima haikukiona. Furaha ile ilimjaa mpaka ikamziba. Hakumwambia daktari. Hakuandika kwenye faili. Akajiambia mzee akirudi baada ya miezi mitatu, majibu ya damu yake yatasema yenyewe, na hapo ndipo ataeleza ni nani aliyegundua.

Wiki tano zikapita.

Wikendi moja alienda nyumbani, na Jumamosi akambebea mama yake kikapu mpaka kituo cha kupimia chai. Walikuta watu wamesimama wakilalamika, na marundo ya chai yamelazwa chini yakianza kupata moto na kugeuka mekundu. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wakati wa mvua kubwa, barabara ilikuwa imeharibika kabisa. Chai nyingi ilikwama na kuharibikia njiani. Basi kiwanda kikawaambia watu wachume mara mbili, kikaanza kutuma malori mawili, kwa hesabu kwamba nusu itapotea matopeni na nusu itafika. Halafu, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa kura, greda likaja ghafla likakwangua barabara mpaka ikang'aa. Sasa malori yote mawili yalifika, yamejaa, kila siku. Na kiwanda kikazidiwa. Mashine zikaziba. Leo karani alikuwa amefunga mizani.

"Ona hawa!" Phyllis akapaza sauti yake ile ya ng'ambo ya bonde. "Wametengeneza njia, lakini bado wanapeleka mzigo wa njia mbaya! Nani alisahau kurudisha lori la pili?"

Watu wakacheka. Chepngetich akabaki amesimama, kikapu mgongoni.

"We Chepngetich, shusha kikapu."

Hakushusha. Alikuwa anaona vidonge viwili kwenye kiganja cha mzee. Daktari aliviandika viwili kwa sababu mwili ulikuwa unapokea nusu. Yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, akatengeneza njia. Na hakuna aliyerudisha lori la pili. Kubadilisha namna ya kumeza ni kubadilisha kipimo, na yeye alikuwa amebadilisha kipimo cha mtu mzee, mwenye moyo mzee, bila karatasi, bila daktari, akaenda zake na sukari ya ofisi.

"Unaumwa?" mama yake akauliza.

"Hapana, mama. Nimesahau mtu."

Jioni hiyo alirudi hosteli. Dolphine, aliyelala kitanda cha juu yake, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akateremka akafunga mlango.

"Uliandika mahali?"

"Hapana."

"Kuna aliyekusikia?"

"Mwenye kibanda tu."

"Basi nyamaza, dada. Mzee atarudi mwezi wa saba, daktari atapima damu, ataona imezidi, atapunguza. Kwisha. Ukisema, watakupeleka kwa kamati. Mwanafunzi kumpa mgonjwa maagizo bila ruhusa! Utarudishwa nyumbani ukachume chai, na umebakisha mwaka mmoja tu. Nani atajua?"

Chepngetich hakulala vizuri, maana maneno ya Dolphine yalikuwa ya kweli yote. Mwezi wa saba damu ingepimwa. Lakini kufika mwezi wa saba kulikuwa na wiki nyingi, na moyo wa mzee unapiga kila sekunde.

Jumatatu asubuhi, kabla kengele haijalia, alikuwa mlangoni kwa Madam Bonareri. Alisema yote akiwa amesimama. Madam alivua miwani, akaanza kukaza ule uzi wake, akakaza muda mrefu.

"Kwa nini hukumwambia daktari siku ile?"

"Nilitaka iwe yangu, Madam."

"Mm." Madam akavaa miwani. "Hilo ndilo jibu la kweli la kwanza nimelisikia wiki hii. Utaandika fomu ya tukio kwa mkono wako. Sikuahidi kitu. Kamati inaweza kukurudisha mwaka, inaweza kukufukuza. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na unajua mzee yuko wapi?"

"Sijui."

"Basi kamati ingoje. Twende kwa Kipkurui."

Daktari Kipkurui kwanza alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. "Mwanafunzi amebadilisha dawa yangu? Kwenye kibanda cha chai?" Kisha akachukua faili. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hasira ikaanza kumwisha kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. "Nimeongeza mara mbili," akasema taratibu. "Nilimwuliza kama anameza. Sikumwuliza anameza vipi." Akafunga faili. "Asimeze tena kidonge hata kimoja mpaka nimwone. Nataka damu yake na nataka kupima moyo. Anaishi wapi?"

Wakatazama faili. Penye makao, mtu alikuwa ameandika: Sokoni. Penye simu palikuwa na namba ya duka moja la Kiptere, nayo ilipopigwa haikupatikana.

Madam akaandika ruhusa ya siku mbili na kuisaini. Chepngetich akavaa gambuti, akaondoka.

Duka lile la Kiptere ni la Mokaya, muuza misumari na sabuni, ndugu wa mbali wa mzee.

"Gichana? Huyo amekuwa upepo!" Mokaya akasema. "Zamani alikuwa akikaa hapa kwa baraza yangu siku tatu, ananisinzilia mpaka wateja wanadhani ni maiti. Siku hizi anakuja asubuhi, saa sita hayuko. Anasema amepata dawa ya ujana. Aliniuliza kama najua mjane."

"Alikuwa hapa lini?"

"Siku ya soko iliyopita. Kuna mwavuli alinishonea, hata sijui alikuwa na haraka ya nini. Tazama kazi hii."

Chepngetich akaufungua. Mwavuli ulikuwa wa kampeni, njano, na kwenye ubavu palikuwa na mshono. Pale penye mshono wa zamani, wa mwanzo wa mwaka, sindano ilikuwa imepita sawa kama mstari wa chai iliyopandwa kwa kamba. Ule mpya ulikuwa unapanda na kushuka. Akaupitisha kidole. Mkono unatetemeka, akajiambia. Sasa hakuhitaji kuuliza tena kama amekosea kuwaza.

Tangu hapo hakuuliza tu mzee amepita wapi. Aliuliza pia miavuli. Kwenye kituo cha chai cha mbele, mama mmoja alimwonyesha wake, aliotengenezewa siku nne zilizopita: mshono umepinda kama njia ya konokono. "Nilidhani ameanza kunywa pombe," mama akasema. "Na si mtu wa pombe, ni mtu wa kanisa. Nikamwombea." Asubuhi ya pili, chini zaidi, mwanamume mmoja alikuwa na mwavuli wa juzi. Huo haukuwa na mshono tena, ulikuwa na mashimo ya sindano tu, huku na huku, na uzi umefungwa fundo katikati kama mtu aliyekata tamaa.

"Alisema anateremka Fort Ternan," mwanamume yule akasema. "Nikamwambia, Mzee, mbali. Akanijibu kwamba miguu inamwasha asipotembea."

Chepngetich akaomba boda boda. Njia inateremka, chai inaisha, mahindi yanaanza, joto linapanda, na chini kabisa mtu anaona mashamba ya miwa. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika kiti na kwa mwingine ameshika saa yake ya uuguzi ile ya kubandika kifuani, kana kwamba ataidondosha.

Alimkuta karibu na reli, chini ya paa la duka lililofungwa. Mzee Gichana alikuwa amekaa juu ya mkoba wake, amekonda, shati limelowa jasho ingawa alikuwa kivulini. Mkononi alikuwa na sindano na uzi. Aliupeleka uzi kwenye tundu, ukapita pembeni. Akaupeleka tena. Ukapita pembeni.

"Mzee, chamgei," Chepngetich akamsalimia.

"Oo! Daktari wangu wa maji!" Uso wa mzee ukafunguka. "Umekuja kuona kazi yako? Mimi ni kijana, mama! Silali, natembea. Mbuzi wananiuliza nakimbilia wapi. Isipokuwa hii sindano. Nafikiri siku hizi wanatoboa tundu dogo."

"Nipe mkono."

Akamshika kifundo, akatazama saa. Mishipa ilikuwa inapiga kama mvua juu ya bati, na mara moja moja inaruka, inasita, inaanza tena. Mia moja na thelathini na mbili. Akahesabu mara ya pili, kwa sababu alikuwa amefundishwa kuhesabu mara ya pili.

"Mzee, leo umemeza?"

"Na maji. Kama ulivyosema."

"Nilikuambia nusu ya habari," Chepngetich akasema. Akapiga magoti kwenye vumbi la reli. "Nilikuambia umeze na maji, na hiyo ni sawa. Sikukuambia upunguze, na sikumwambia daktari apunguze. Uliandikiwa vidonge viwili kwa sababu chai ilikuwa inakula kimoja. Mimi nikaondoa chai. Sasa viwili vyote vinafika. Huu si ujana, Mzee. Ni moyo wako unakimbia. Ni mimi niliyekosea, na nimekuja kukuchukua."

Treni haikuwepo, lakini Mzee alitazama relini kama anayeingoja.

"Umetoka hospitali mpaka hapa kuniambia hayo?"

"Siku mbili."

"Kwa nini hukungoja nirudi?"

"Ungerudi?"

Mzee akaanza kukunja nyuzi zake. "Mimi naona ni rahisi. Nirudi kwa chai tu. Chai inakula kimoja, kimoja kinabaki, wewe unarudi darasani, kila mtu anafurahi."

Chepngetich nusura acheke, maana njia hiyo hiyo ilikuwa imempitia kichwani usiku akiwa kitandani. "Hapana, Mzee. Chai ya Mokaya ni maziwa matupu. Chai ya soko jingine ni maji yaliyoona ng'ombe kwa mbali. Leo inakula kimoja, kesho inakula nusu. Hatuwezi kupima moyo wa mtu kwa ng'ombe."

"Hata mimi ng'ombe wa hapa siwaamini," Mzee akakubali. Akajaribu kuinuka, magoti yakamcheza. Chepngetich akauchukua mkoba wa nyaya, akauvaa mgongoni kama kikapu cha chai, na kwa mkono mmoja akamshika mzee. Mwenye boda boda alitazama jinsi mzee anavyotweta, akakataa kumpandisha, akampigia simu mtu mwenye gari dogo. Kabla giza halijaingia walikuwa hospitali.

Daktari Kipkurui alikuwa anangoja mlangoni, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Walimlaza. Walipima moyo, walipima damu, wakasimamisha vidonge siku kadhaa, wakampa dawa ya kuutuliza moyo. Chepngetich hakuruhusiwa kumgusa, kwa kuwa kesi yake ilikuwa bado. Alisimama mlangoni mwa wodi. Siku ya tatu moyo ukashuka mpaka tisini. Wiki ya pili mzee akaomba sindano. Sista akampa ya kushonea nguo. Mzee akaupeleka uzi kwenye tundu, ukapita mara ya kwanza, na wodi nzima ya wanaume ikapiga makofi. Aliondoka na kidonge kimoja, cha kumeza na maji, na saa nzima bila chai.

Kamati ilikaa. Chepngetich alisoma fomu yake mwenyewe kwa sauti, pamoja na ile sehemu ya "nilitaka iwe yangu." Walimpa barua ya onyo na kumwamuru arudie wiki zake zote za kliniki. Hakufukuzwa. Hakulia mpaka alipofika hosteli, na Dolphine ndiye aliyemshikia taulo, akasema, "Mimi ningenyamaza. Haki ya Mungu, ningenyamaza," akalia yeye zaidi.

Aliporudi kliniki, alikuta Daktari Kipkurui ameongeza mstari mmoja kwenye fomu ya wagonjwa, kwa kalamu na rula, na kuirudufu: Anameza na nini? Wiki ya kwanza tu walipata mama mjamzito aliyekuwa anameza vidonge vya kuongeza damu na chai ya rangi, na mzee mwingine anayesindikiza dawa zake na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni. Sasa kabla daktari hajaongeza kipimo, anauliza barabara ikoje. Na akibadilisha barabara, anahesabu malori. Wanafunzi wapya wanadhani maneno hayo yametoka kwenye kitabu.

Siku ya kuhitimu, wahitimu waliketi uwanjani kwa nguo nyeupe na mvua ikaja kama kawaida yake, saa nane. Phyllis alikuwa mstari wa mbele, amevaa kofia mpya, na jina la binti yake lilipoitwa alipiga kigelegele kilichofika mpaka ng'ambo ya bonde la kwanza na labda la pili. Chepngetich alisimama. Vidole vyake vilikuwa na ule weusi bado. Aliinua mkono wote juu, umekunjuliwa, watu wauone.

Hapo ndipo Mzee Gichana alipotokea kutoka nyuma, koti limepigwa pasi, amebeba mwavuli mkubwa ambao hakuna duka linalouuza. Alikuwa ameushona kwa vipande vya miavuli ya wagombea wote, walioshinda na walioshindwa, kila rangi imekaa na jirani yake, na mishono imenyooka kama mistari ya chai. Akaufungua juu ya kichwa cha Chepngetich. Phyllis akamshika mzee mkono kwa mikono miwili, asiweze kusema lolote, yeye Phyllis.

Kisha Mzee akageukia meza ya walimu. Alikuwa na jambo, na mtu wa umri wake huwezi kumkataza. Hata mvua ikapungua kidogo.

"Walimu, nawashukuru," akasema. "Mambo ya dawa mmemfundisha, nimeyaona. Ya tezi, ya maziwa, ya kuhesabu moyo mara mbili. Hayo nimeambiwa ni ya mwaka wa kwanza na wa pili. Lakini huyu mtoto alikuwa amekosea mahali ambapo hakuna mtu angejua, na akanifuata siku mbili kwa mishono ya miavuli mpaka Fort Ternan kuja kuniambia." Akawatazama mmoja mmoja, kuanzia Daktari Kipkurui mpaka Madam Bonareri, aliyekuwa amevua miwani akikaza uzi. "Sasa hiyo ya kurudi, mnaifundisha mwaka wa ngapi?"